Nyaya za simu za nyumbani na kasi ya intaneti nchini Uingereza

Upimaji na urekebishaji wa nyaya za simu za nyumbani ni kazi ya kuchunguza nyaya, soketi na vichujio vya nyumba inayopokea intaneti kupitia waya wa simu, na kuondoa chochote kinachodhoofisha au kuchafua mawimbi ya data kabla hayajafika kwenye modemu. Nchini Uingereza kazi hii ilipata umuhimu kuanzia mwaka 2000, kampuni ya BT ilipoanza kuuza ADSL, teknolojia inayopitisha data kwenye waya uleule wa shaba unaobeba mazungumzo, kwa kutumia mitetemo ya kasi kubwa kuliko ile ya sauti. Waya unaotoka kituo cha simu hadi ukutani ni mali ya kampuni ya mtandao, na mwenye nyumba hana mamlaka juu yake. Mita chache zinazobaki, kutoka ukutani hadi kwenye modemu, ni zake, na ndizo pekee anazoweza kuzirekebisha kwa mikono yake mwenyewe bila kumlipa wala kumsubiri mtu.

Jinsi waya wa simu unavyobeba data

Sauti ya simu hutumia masafa, yaani kiwango cha mitetemo kwa sekunde, ya kati ya hezi 300 na 3,400 tu, na nafasi kubwa iliyo juu yake haikuwa na kazi kwa wateja wa kawaida hadi ADSL ilipokuja. ADSL huanzia kilohezi 26 hivi na kupanda hadi kilohezi 1,104; ADSL2+, iliyowekewa kanuni na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ya Simu (ITU) mwaka 2003, hupanda hadi kilohezi 2,208; na VDSL2, ambayo kanuni yake ni ya mwaka 2006, hufika megahezi 17.664 kwa namna ilivyotumika Uingereza. Nafasi hiyo hugawanywa katika vichaneli vyenye upana wa kilohezi 4.3125 kila kimoja. Modemu ya nyumbani na kifaa cha upande wa pili zinapoanza kuunganishwa, hupima ni kichaneli kipi kiko safi na kipi kina kelele, neno kelele hapa likimaanisha umeme wowote usiotakiwa ulioingia kwenye waya, kisha kila kichaneli hupewa biti kadiri ya usafi wake, kuanzia sufuri hadi 15.

Kuongeza biti moja kwenye kichaneli kunahitaji ishara iizidi kelele kwa desibeli 3 zaidi, desibeli ikiwa kipimo cha uwiano ambacho kila ongezeko la 3 ni sawa na kuzidisha nguvu mara mbili. Kwa kuwa ADSL hutuma mafungu 4,000 ya data kwa sekunde, na upande wa kupakua una vichaneli zaidi ya 200, kupunguza kelele kwa desibeli 3 katika vichaneli vyote huleta nyongeza ya kilobiti 800 hadi 900 kwa sekunde. Hesabu hiyo fupi inaonyesha jinsi kuchomoa waya mmoja ndani ya nyumba kunavyoweza kuifanya laini ya megabiti 2 ikaribie megabiti 3, jambo ambalo wateja wengi wa vijijini waliona ni muujiza, ingawa halina muujiza wowote.

Kasi huamuliwa na mambo mawili. La kwanza ni ufifiaji, yaani nguvu inayopotea njiani, ambayo huongezeka kadiri waya unavyorefuka na kadiri masafa yanavyopanda, na hakuna aliye ndani ya nyumba awezaye kukisogeza kituo cha simu karibu. La pili ni kelele, na hapa ndipo nyumba inapohusika. Waya wa simu kwa hakika ni nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, mbinu ambayo Alexander Graham Bell aliipatia hataza mwaka 1881. Ishara hupita kwenye nyaya zote mbili kwa mielekeo inayopingana, na kelele ya nje huziangukia zote mbili kwa kiasi kilekile. Kifaa cha mwisho husoma tofauti kati ya nyaya hizo, na kelele iliyo sawa pande zote hujifuta yenyewe. Kinga hiyo hudumu maadamu nyaya mbili ziko katika mizani. Chochote kinachoungwa kwenye mmoja na kisiungwe kwenye mwingine huivunja.

Soketi kuu na waya wa kengele

Hadi mwaka 1981 simu za Uingereza ziliunganishwa ukutani moja kwa moja na mafundi wa Posta, na mteja hakuruhusiwa kuzichomoa. Mwaka huo, ambao pia ndio BT ilipotenganishwa na Posta, uliletwa mfumo wa plagi na soketi unaofuata kanuni iitwayo BS 6312. Katika mfumo huo kila nyumba ina soketi kuu moja, mahali laini inapoingilia, na soketi za ziada zinazounganishwa nayo kwa kebo za ndani. Ndani ya soketi kuu mna kapasita ya mikrofaradi 1.8, rezista ya kiloomu 470, na, katika aina nyingi, kizuia radi. Kapasita ni kifaa kinachozuia mkondo mnyoofu lakini huruhusu mkondo geu kupita, na ndicho kiini cha suala zima.

Laini ya simu iliyotulia huwa na mkondo mnyoofu wa takriban volti 50. Mtu anapopigiwa, kituo huongeza juu yake mkondo geu wa takriban volti 75 unaotetema mara 25 kwa sekunde, na huo ndio uliotikisa kengele za chuma za simu za zamani. Wabunifu wa mfumo wa 1981 waliamua kapasita ya kutenganisha mikondo hiyo isikae ndani ya kila simu bali iwe moja tu kwa nyumba nzima, ndani ya soketi kuu, na mlio upelekwe kwenye soketi za ziada kwa waya wa tatu, uliofungwa kwenye kituo cha kufungia namba 3. Uamuzi huo ulikuwa na busara yake: ulipunguza gharama ya simu, na ulizuia kengele za vyumba vingine zisilielie pale mtu alipokuwa akizungusha namba kwenye simu ya chumba kimoja. Waliobuni mpango huo hawastahili lawama, kwani mwaka 1981 hakuna aliyetarajia kwamba waya wa sebuleni ungebeba kitu chochote kinachotetema mara milioni moja kwa sekunde.

ADSL ilipokuja, waya wa tatu uligeuka kuwa kasoro. Umeungwa, kupitia kapasita, na upande mmoja tu wa jozi. Unatembea ndani ya kebo ileile hadi kila chumba chenye soketi. Na mwisho wake umeachwa wazi ikiwa simu iliyopo haiutumii, na karibu simu zote za kisasa haziutumii kwa sababu huzalisha mlio wao wenyewe kwa umeme. Kwa mawimbi ya redio waya wa namna hiyo ni antena kamili. Huokota matangazo ya masafa ya kati, uchafu unaotoka kwenye vifaa vya umeme vya nyumbani, na chochote kingine kilichopo hewani, kisha huyamwaga yote kwenye upande mmoja wa jozi, na mizani iliyoelezwa hapo juu huvunjika. Kadiri kebo za ndani zilivyo ndefu na soketi za ziada zilivyo nyingi, ndivyo hasara inavyokuwa kubwa.

Dawa ni tatu. Ya kwanza, isiyogharimu hata senti, ni kuchomoa waya wa kengele kwenye namba 3 nyuma ya bamba la mbele la soketi kuu, na kwenye soketi za ziada vilevile. Kwa rangi zinazotumika Uingereza waya huo kwa kawaida ni wa chungwa wenye mistari myeupe, wakati nyaya mbili za lazima, namba 2 na namba 5, ni wa buluu wenye mistari myeupe na mweupe wenye mistari ya buluu. Rangi zisiaminiwe bila kuangalia namba, kwa kuwa mafundi waliojifunza wenyewe walitumia waya wowote uliokuwa karibu. Ya pili ni kipande cha plastiki ambacho BT ilikiuza kwa jina la I-Plate, kinachopachikwa kati ya soketi kuu na bamba lake la mbele bila kugusa waya wowote. Ndani yake mna koili inayozuia masafa ya juu kupita kwenye waya wa kengele lakini huuruhusu mlio kupita. Ya tatu ni bamba lenye kichujio kamili, linaloelezwa mbele. Kwa mwenye simu ya zamani yenye kengele ya chuma, dawa ya kwanza huinyamazisha simu hiyo, lakini vichujio vingi vya Uingereza vina kapasita yao ya kengele, na kuchomeka simu hiyo kupitia kichujio cha aina hiyo huirudishia sauti. Kati ya dawa hizi ya kwanza ndiyo bora kwa anayejua kushika bisibisi, na inasikitisha kwamba wengi waliuziwa vifaa ambavyo hawakuvihitaji.

Mpaka wa umiliki

Soketi kuu ya aina ya NTE5, iliyoenea zaidi, imegawanyika sehemu mbili. Sehemu ya juu na kisanduku cha nyuma ni mali ya Openreach, tawi la BT lililoundwa mwaka 2006 kusimamia nyaya kwa niaba ya watoa huduma wote kufuatia makubaliano na mdhibiti wa mawasiliano, Ofcom. Nusu ya chini ya bamba la mbele hufunguliwa kwa skrubu mbili, na nyaya zote za ndani hufungwa nyuma yake, hivyo mwenye nyumba anaweza kuzifungua na kuzifunga bila kugusa mali ya mwingine. Nyumba zenye soketi kuu za zamani zisizogawanyika hazina nafasi hiyo, na kazi humngoja fundi wa kampuni.

Upimaji

Upimaji huja kabla ya marekebisho yoyote, na mpangilio huu si suala la hiari. Anayechomoa nyaya kwanza na kupima baadaye hana njia ya kujua kama amesaidia au ameharibu. Chanzo cha vipimo ni modemu yenyewe, au ruta yenye modemu ndani yake, ambayo kurasa zake za ndani huonyesha kasi ya muunganisho kwa kupakua na kupakia, ufifiaji kwa desibeli, akiba ya ishara juu ya kelele, na idadi ya makosa. Akiba ni kiasi ambacho ishara inaizidi kelele kuliko inavyohitajika kwa kasi iliyokubaliwa. Kwa kawaida muunganisho huanza ukiwa na desibeli 6, na ikishuka karibu na sufuri laini hukatika. Kasi inayoonyeshwa na majaribio ya intaneti haitoshi kwa kazi hii, kwa sababu huchanganya hali ya waya wa simu na hali ya Wi-Fi, msongamano wa mtoa huduma na uwezo wa kompyuta. Mwenye kuitumia atumie angalau kebo badala ya Wi-Fi.

Jaribio kuu ni lile la soketi ya majaribio. Bamba la chini la NTE5 linapofunguliwa, nyaya zote za ndani hujitenga na laini kwa mara moja, na nyuma yake huonekana soketi nyingine iliyounganishwa moja kwa moja na waya wa nje. Modemu huchomekwa hapo kupitia kichujio kilichothibitishwa kuwa kizima, huachwa iungane, na vipimo vyake hulinganishwa na vile vilivyoandikwa kabla. Kasi na akiba zikipanda wazi, tatizo liko ndani ya nyumba, nyuma ya bamba lililofunguliwa. Zisipobadilika, nyaya za ndani hazina hatia, na kuendelea kuzihangaikia ni kupoteza muda. Hakuna jaribio jingine linalotoa jibu lililo wazi kama hili kwa gharama ndogo kiasi hiki. Ni vyema kupima saa zilezile kila mara, kwa sababu baada ya jua kutua redio za masafa ya kati husafiri mbali zaidi na kuongeza kelele, hata laini iliyo nzuri kabisa ikaonekana dhaifu usiku kuliko mchana.

Jaribio la sikio hutangulia au hufuata. Simu ya waya, si ile isiyo na waya ambayo ina mvumo wake yenyewe, huchomekwa kwenye soketi ya majaribio na kutumiwa kupiga namba 17070, namba ya huduma ya mafundi inayotaja namba ya laini husika. Kisha huchaguliwa 2, na laini hunyamaza. Kimya kikiwa kamili laini ni nzima kwa upande wa sauti. Mlio wa kukwaruza au wa kukatikakatika humaanisha kiungo kilichoshika kutu au maji yaliyoingia kwenye kebo ya nje, na mteja hupaswa kuripoti hitilafu ya sauti, kwa kuwa kampuni hulazimika kuitafuta na ikirekebishwa mara nyingi intaneti nayo hupona.

Kosa lililowagharimu wengi ni kuizima na kuiwasha modemu mara kwa mara wakati wa majaribio. Mitandao ya BT ina mfumo wa kompyuta unaoangalia kila laini, na ukiona miunganisho inakatika mara nyingi hudhani laini haijatulia, ukaiongezea akiba kwa hatua za desibeli 3, kutoka 6 hadi 9, 12 na hata 15, kila hatua ikipunguza kasi. Laini mpya ya ADSL hufuatiliwa kwa siku 10 za kwanza, na mwenye subira huiacha modemu ikiwaka muda wote huo. Baada ya marekebisho pia, faida huonekana kikamilifu siku kadhaa baadaye, mfumo unapokubali kurudisha akiba chini.

Kelele inayotoka kwenye kifaa kibovu cha umeme hutafutwa kwa redio ndogo ya betri iliyowekwa masafa ya kati mahali pasipo na kituo, karibu na kilohezi 612, na kuzungushwa nyumbani. Sauti ya mngurumo huongezeka redio inapokaribia chanzo, ambacho mara nyingi ni adapta ya umeme au taa.

Vichujio

Kichujio ni kisanduku kidogo kinachoruhusu masafa ya sauti kwenda kwenye simu na kuyazuia ya data yasifike huko, ili simu isiinyonye ishara na data isisikike kama mvumo masikioni. Kila kifaa kilichounganishwa na laini kinahitaji kichujio, na kinachosahaulika ni kile kisichoonekana kuwa simu: mashine ya faksi, king'amuzi cha televisheni ya setilaiti, na hasa kengele ya wezi iliyofungwa kwenye nyaya moja kwa moja bila plagi. Kifaa kimoja kisichochujwa kinatosha kuiharibu nyumba nzima. Vichujio huchakaa, na njia ya kukigundua kibovu ni kubadilisha kimoja kimoja.

Bamba lenye kichujio, linalopachikwa mahali pa bamba la mbele la soketi kuu, hutenganisha data na sauti mlangoni kabisa: modemu huchomekwa palepale, na nyaya zote za ndani, pamoja na waya wa kengele, hubaki nyuma ya kichujio na haziwezi tena kuigusa data. Hili ndilo suluhisho safi kuliko yote, na mafundi wa Openreach waliofunga VDSL katika miaka ya mwanzo walikuwa wakilifunga kwa kawaida.

Matawi na kebo mbovu

Kebo ya ndani isiyo na kitu mwishoni haikai kimya. Mawimbi huingia ndani yake, hufika mwisho ulio wazi, hurudi, na kukutana na mawimbi mapya yakiwa yamechelewa. Pale ambapo kuchelewa huko ni nusu ya mtetemo mmoja, mawili hayo huuana. Hali hiyo hutokea urefu wa tawi ukiwa robo ya urefu wa wimbi, na kwa kuwa mawimbi husafiri ndani ya kebo kwa takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, tawi la mita 50 huchimba shimo karibu na megahezi 1, ndani ya eneo la ADSL, na tawi la mita 10 huchimba karibu na megahezi 5. Kwa sababu hiyo nyumba iliyokuwa haina shida na ADSL iliweza kupata shida baada ya kuhamia VDSL, huku waya wake ukiwa uleule. Matawi yasiyotumika hukatwa kwenye soketi kuu.

Kebo bapa za kurefushia, zinazouzwa madukani kwa bei ndogo, hazijasokotwa na ziepukwe. Modemu ikihitajika chumba cha mbali, ni bora ikae kando ya soketi kuu na kebo ya kompyuta ndiyo irefushwe, au itumike kebo ya Cat 5e kutoka kwenye bamba lenye kichujio.

Mipaka ya marekebisho

Laini ambayo sehemu yake ya nje ni ya alumini, chuma ambacho Posta ya Uingereza ilikitumia kwa baadhi ya maeneo katika miaka ya 1970 bei ya shaba ilipopanda, haiokolewi na kazi ya ndani, wala laini ndefu mno.

Nchi nyingine

Marekani haina tatizo la waya wa kengele, kwa kuwa kila simu ya huko ina kapasita yake na nyaya mbili hutosha. Kisanduku kilichofungwa ukutani kwa nje kina soketi ya majaribio inayofanya kazi ileile ya NTE5. Katika Afrika Mashariki ADSL iliuzwa na TTCL nchini Tanzania na Telkom Kenya nchini Kenya, lakini simu za mezani zilikuwa chache, wizi wa nyaya za shaba ulikuwa mwingi, na intaneti ya simu za mkononi ikachukua nafasi mapema.

Hali ya sasa

Kuanzia mwaka 2010 Openreach ilianza kuuza VDSL, ambamo faiba, yaani nyuzi za kioo zinazopitisha data kwa nuru, hufika hadi kabati la mtaani na shaba hubaki kwa mita mia chache za mwisho. Kasi ya kwanza ilikuwa hadi megabiti 40, na mwaka 2012 ikapandishwa hadi 80. Faiba kamili hadi nyumbani sasa inaenea, na uuzaji wa laini mpya za simu za zamani ulisimamishwa nchini kote Septemba 2023. Mtandao wa zamani wa sauti ulipangiwa kuzimwa Desemba 2025, kisha tarehe ikasogezwa hadi Januari 2027. Katika nyumba ambazo sauti imehamia kwenye ruta lakini data bado inapita kwenye shaba, laini haina mlio wala haihitaji vichujio, na soketi za ziada hazina kazi; zikiachwa zimeungwa zinabaki kuwa matawi, na bamba la chini la soketi kuu bado hufunguliwa kwa skrubu mbili zilezile ili zitenganishwe.